Viongozi kwa kura ya bahati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila uchaguzi unapokaribia na majina yale yale kurudi kwenye mabango, hakosekani mtu wa kuuliza: kwa nini tusiweke majina ya raia wote pamoja, tukachanganya, tukachomoa? Wengine hucheka, wengine hukasirika, na maswali yanayofuata huwa ni haya. Ili tusichanganyane, ukurasa huu unaita "kura ya bahati" ule utaratibu wa kuchomoa majina, na "uchaguzi" ule wa karatasi na sanduku.

## Misingi

1. Kura ya bahati ni nini hasa?

Ni kuwapata watu wa kufanya kazi ya umma kwa kuchomoa majina kutoka kwenye orodha ya raia. Hakuna fomu ya kugombea, hakuna kampeni, hakuna chama cha kukuteua. Aliyechomolewa anakaa kwa muda maalumu, analipwa posho, anasikiliza wataalamu na watu wanaoguswa na jambo lenyewe, anabishana na wenzake, wanaamua, kisha anarudi kwenye shughuli zake.

Watu huweka mambo matatu katika kapu moja. La kwanza ni baraza la raia linaloishauri serikali au bunge. La pili ni chombo chenye mamlaka kamili ya kuamua, kama juri, yaani jopo la raia wanaoamua kesi, katika mahakama za Marekani. La tatu ni pendekezo la kufuta bunge la kuchaguliwa na kuweka la kuchomolewa. La kwanza lipo katika nchi nyingi, la pili lipo mahakamani, la tatu halipo katika nchi yoyote leo. Mtu akikuambia anaunga mkono au anapinga, muulize kwanza ni lipi kati ya hayo.

2. Hii si kamari? Dini zinasemaje?

Kamari ni kuweka mali yako ukitaraji kula ya mwenzako. Hapa hakuna anayeweka kitu wala anayeliwa.

Katika Uislamu, Suratul Maida aya ya 90 inakataza kamari na mishale ya kupigia ramli. Lakini Qur'ani hiyo hiyo, Aal Imran aya ya 44, inataja watu waliotupa kalamu zao kujua nani atamlea Maryam, na katika Sahih al-Bukhari imepokewa kwamba Mtume alipotaka kusafiri alipiga kura baina ya wakeze. Kwa Wakristo, Matendo ya Mitume 1:26 inaeleza Mathiya alivyopatikana kwa kura kushika nafasi ya Yuda. Kote huko ni kugawa jambo kwa haki pale ambapo wote wana haki sawa, na hiyo ndiyo hoja ya wanaotetea kura ya bahati.

3. Uchaguzi una kasoro gani mpaka tutafute njia nyingine?

Uchaguzi hauchagui kati ya raia wote. Unachagua kati ya waliomudu kugombea, na kumudu kugombea kuna bei: mafuta ya gari, spika, fulana, kanga, chakula cha wapambe. Tanzania iliwahi hata kuwa na sheria iliyoruhusu wagombea kutoa "takrima" kwa wapigakura, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Sheria ikaondoka. Bahasha hazikuondoka zote.

Kura ya bahati inakata mnyororo huo mahali pamoja tu: kabla. Huwezi kumnunua mjumbe ambaye hakuna anayejua atakuwa nani, na mjumbe hana deni la kampeni la kulipa. Baada ya kuchomolewa ni habari nyingine (swali la 15).

## Ilikotoka

4. Ni kweli Athens ya Ugiriki ya kale ilitawaliwa hivi?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Baada ya mageuzi ya kiongozi Kleisthenes mwaka 508/507 KK, baraza la watu 500 lililoandaa ajenda na kusimamia shughuli za kila siku lilijazwa kwa kura ya bahati, watu 50 kutoka kila kabila kati ya makabila 10. Mjumbe alitakiwa awe na umri wa miaka 30 au zaidi, alikaa mwaka mmoja, na hakuruhusiwa zaidi ya mara mbili maishani. Mahakama nazo zilikuwa na orodha ya raia 6,000 kila mwaka, na kesi moja iliweza kusikilizwa na watu mia kadhaa. Hao ndio waliomhukumu mwanafalsafa Sokrates mwaka 399 KK, na wapinzani wa kura ya bahati hawajaacha kulitaja hilo mpaka leo.

Chombo chenyewe kiliitwa kleroterion: bamba la jiwe lililosimama, limechongwa safu za matundu membamba. Kila raia alikuwa na kibao chake chenye jina, kikachomekwa katika tundu. Ubavuni kulikuwa na mrija uliotiliwa gololi nyeupe na nyeusi zikiwa zimechanganywa. Gololi moja ikidondoka, safu nzima ya vibao imeamuliwa: nyeupe mnaingia, nyeusi nendeni nyumbani. Kila mtu alisimama hapo akitazama. Vipande vya mawe hayo vimechimbuliwa na vipo kwenye makumbusho ya Athens.

Mambo mawili husahauliwa. Kwanza, "raia" walikuwa wanaume huru tu. Wanawake, watumwa na wageni wakaazi hawakuwamo. Pili, Waathene hawakuchomoa kila cheo. Majenerali 10 walichaguliwa kwa kura za wazi, tena mtu aliweza kurudi mwaka hadi mwaka, kama mwanasiasa Perikles. Jiji lililoiamini bahati kuliko jiji lolote halikuikabidhi vita.

5. Na baada ya hapo?

Nchini Italia, Firenze ilitia majina ya wanaostahili kwenye mifuko na kuchomoa watawala wa miezi miwili miwili. Venezia ndiyo iliyofika mbali kwa ujanja. Kuanzia 1268 hadi 1797, mtawala wake, Doge, alipatikana hivi: wajumbe 30 wa Baraza Kuu walichomolewa, wakapunguzwa kwa kura ya bahati wakabaki 9, hao 9 wakachagua 40, wakapunguzwa kuwa 12, wakachagua 25, wakapunguzwa kuwa 9, wakachagua 45, wakapunguzwa kuwa 11, wakachagua 41, na hao 41 ndio waliomchagua Doge. Ukichoka kusoma, fikiria aliyetaka kuhonga. Hata hivyo wote hao walikuwa mabwanyenye, hivyo bahati ilizuia koo zisimezane tu. Mtu wa kawaida hakukaribia.

6. Afrika tuna kitu kama hiki?

Kwenye mambo ya umma, mifano ni michache lakini ipo. Kanisa la Kikopti la Misri lilimpata Papa Tawadros II tarehe 4 Novemba 2012 kwa njia hiyo: wapigakura walikwisha kuwachuja wagombea wakabaki watatu, majina yakatiwa kwenye chombo cha kioo, na mtoto wa kiume aliyefungwa kitambaa machoni akachomoa moja. Uchaguzi kwanza, bahati mwishoni.

Jirani zaidi, mwaka 2014 wananchi wa Bududa na Butaleja, mashariki mwa Uganda, walichomolewa na kukutanishwa kujadili maporomoko ya ardhi, mafuriko na kuhamishwa makazi. Mwaka 2015 watu wapatao 400 kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania walikutana Dar es Salaam kujadili mapato ya gesi asilia yatumikeje. Yote mawili yalikuwa majaribio ya ushauri, bila nguvu ya kuamua chochote.

Nje ya serikali, kila mwanachama wa upatu anaijua kura ya bahati. Kikundi cha akina mama 12 hakimchagui wa kupokea kwanza kwa hotuba. Vikaratasi vinakunjwa, vinatiwa kwenye kikapu au sufuria, anaitwa mtoto anayecheza uani aje achomoe. Nani amwonee wivu mtoto?

## Inavyofanya kazi leo

7. Kwa nini kila mtu anataja Ireland?

Kwa sababu huko baraza la raia liligusa jambo ambalo wanasiasa walilikimbia kwa miongo, na matokeo yakaingia kwenye katiba.

Mwaka 1983 Ireland iliweka kwenye katiba kifungu kilicholinganisha haki ya uhai ya mimba na ya mama. Hakuna chama kikubwa kilichotaka kukigusa. Ukiunga mkono unapoteza hawa, ukipinga unapoteza wale. Mwaka 2016 bunge likaunda baraza la raia 99 waliochomolewa, na mwenyekiti akawa jaji Mary Laffoy. Walikutana mwishoni mwa wiki, kwenye hoteli ya Malahide karibu na Dublin, wakiwa katika meza za duara za watu saba au wanane, kila meza na mwezeshaji wake. Walisikia madaktari, wanasheria, wanaharakati wa pande zote mbili, na sauti zilizorekodiwa za wanawake waliopitia hali hizo. Aprili 2017 wakapiga kura, na wengi walitaka sheria ilegezwe zaidi kuliko wanasiasa walivyotarajia. Kamati ya bunge ikapitia ripoti, serikali ikaitisha kura ya maoni, na tarehe 25 Mei 2018 asilimia 66.4 ya wapigakura wakakubali kifungu kiondolewe.

Iwe unakubaliana na walichoamua au la (wasomaji wengi wa Kiswahili hawatakubaliana nacho, na hilo halibadilishi somo la utaratibu), tazama mpangilio. Waliochomolewa walipendekeza, waliochaguliwa wakaandika sheria, na nchi nzima ikawa na neno la mwisho. Hakuna hatua iliyofanya kazi ya nyingine.

8. Imeshindwa wapi?

Mahali pengi, na kwa namna tofauti.

Jimbo la British Columbia, Kanada, lilichomoa raia 160 mwaka 2004 kupendekeza mfumo mpya wa uchaguzi. Walifanya kazi nzuri, na kwenye kura ya maoni ya 2005 asilimia 57.7 wakawaunga mkono. Serikali ilikuwa imeweka sharti la asilimia 60. Pendekezo likafia hapo.

Ufaransa ilichomoa watu 150 mwaka 2019 kuhusu tabianchi, na Rais Macron akaahidi mapendekezo yao yatapelekwa "bila kuchujwa". Walileta 149. Matatu aliyakataa papo hapo, mengine mengi yalipunguzwa makali kabla ya sheria ya 2021, na wajumbe wenyewe wakatoka wakinung'unika. Ukiahidi kutochuja kisha ukachuja, ni afadhali usingewaita.

Ireland yenyewe si hadithi ya ushindi mtupu. Machi 2024 nchi ilikataa kwa kishindo marekebisho mawili ya katiba, kuhusu familia na malezi, yaliyotokana na kazi ya baraza la raia. Maneno yaliyofika kwenye kura ya maoni hayakuwa yale ya baraza. Serikali iliyaandika upya, na wengi hawakuyaelewa.

9. Kuna mahali baraza la namna hii ni la kudumu?

Ubelgiji mashariki, kwenye jamii ya wasemaji wa Kijerumani isiyofika watu 80,000. Tangu 2019 kuna baraza la kudumu la watu 24 waliochomolewa. Wao hawatoi majibu, wanachagua maswali. Kila swali linapelekwa kwa jopo jingine la raia, pia la kuchomolewa, na bunge lazima lijibu hadharani na kueleza sababu kama linakataa. Kwangu mimi huu ndio mpango uliofikiriwa vizuri kuliko yote iliyopo, kwa sababu anayepanga ajenda si waziri.

## Kuchomoa kwenyewe

10. Majina yanatoka wapi, na nani anahakikisha wanafanana na nchi?

Mara nyingi yanatoka kwenye daftari la wapigakura au orodha ya makazi. Daftari la Kenya mwaka 2022 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 22, hivyo majina hayakosekani. Wanaokosekana ni wasiojiandikisha, na hao si watu wa kubahatisha: ni vijana, ni wafugaji wanaohama, ni mwenye kitambulisho kilichokwama ofisini.

Kuchomoa hufanywa kwa hatua mbili. Kwanza barua nyingi hutumwa. Kisha kati ya waliokubali huchomolewa tena kwa mafungu ya jinsia, umri, eneo na elimu, ili jumla ifanane na nchi. Kundi la watu 100 likichomolewa bila mafungu, uwezekano wa kupata wanawake chini ya 40 ni kama 2 katika 100. Ni mdogo, lakini kwa nini uuache? Kenya, ambayo tangu 2010 katiba yake inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili, imehangaika na sharti hilo bungeni miaka yote. Kwenye kura ya bahati hilo ni suala la mchana mmoja.

Udhaifu mkubwa ni wanaokataa. Baraza la tabianchi la Uingereza la 2020 lilituma barua kwenye kaya 30,000 ili kupata watu 108, na waliojibu kukubali hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Mtu anayejibu barua ya serikali si sawa na anayeitupa. Mafungu hupunguza tatizo hilo, hayalimalizi.

11. Nitajuaje hawakuchakachua?

Kwa kuona. Orodha yenye namba itangazwe kabla, na namba zichomolewe hadharani kwa kitu ambacho mtu wa kawaida anakielewa: mipira, dadu, vikaratasi. "Kompyuta imechagua" si jibu.

Hata bila hila, kuchanganya vibaya kunaharibu. Tarehe 1 Desemba 1969 Marekani ilichomoa tarehe za kuzaliwa kupanga vijana wa kupelekwa vitani Vietnam. Vidonge vyenye tarehe ndani vilitiwa mwezi baada ya mwezi na havikukorogwa vya kutosha, hivyo waliozaliwa mwisho wa mwaka wakaangukiwa na namba za mwanzo kupita kiasi. Mwaka 2011 ikawa zamu ya bahati nasibu ya visa, ile wengi wetu tuliyozoea kuijaza kila mwaka: matokeo yalifutwa baada ya kubainika kuwa zaidi ya asilimia 90 ya washindi walikuwa wameomba katika siku mbili za kwanza. Watu wapatao 22,000 walikuwa wameshaambiwa wamepata.

Na kuna uzembe wa binadamu. Mwanzoni mwa 2018, wajumbe saba wa akiba wa baraza la Ireland waliondolewa ilipogundulika kuwa aliyetumwa kuwatafuta aliwapata kwa kupigia simu watu kupitia jamaa na marafiki. Walikuwa wameshahudhuria kikao kimoja, ingawa si vile vya suala la mimba.

12. Nikichomolewa naweza kukataa? Na kibarua changu?

Kwenye mabaraza ya leo, ndiyo, unaweza. Kwenye juri ya Marekani ni wajibu, isipokuwa uwe na sababu. Anayekula kwa kutwa hawezi kuacha genge kwa siku tano bila kulipwa, kwa hiyo posho ndiyo inayoamua kama baraza ni la wote au la wastaafu na wenye mishahara. Waathene walianza kuwalipa wanajuri tangu enzi za Perikles. Ufaransa ililipa kwa kiwango cha wanajuri wa mahakama. Pamoja na posho kuna nauli, malazi, na mtu wa kukaa na watoto.

## Pingamizi

13. Mtu asiye na elimu ataamuaje mambo ya bajeti?

Swali hili huulizwa na watu waliosoma, kuhusu watu wengine. Wabunge wengi nao hawakusomea bajeti. Wana makarani, wataalamu na muda, na mjumbe wa kuchomolewa akipewa hivyo hivyo anajifunza. Asiyejua kusoma asomewe na aelezwe kwa lugha anayoielewa. Ndiyo maana vikao vichukue wiki kadhaa na si alasiri moja. Pale muda unapobanwa, pingamizi hili ni la kweli kabisa.

14. Atawajibika kwa nani kama hatarudi kuomba kura?

Hili ndilo pingamizi zito. Mbunge mbaya unaweza kumwangusha baada ya miaka mitano. Aliyechomolewa anaondoka hata kama ameharibu.

Waathene walilijua hilo. Kabla ya kuanza kazi mtu alihojiwa kama anastahili, na akimaliza alitoa hesabu mbele ya umma na aliweza kushtakiwa. Cheo cha mwaka mmoja kilimfanya kila mtu ajue kesho atatawaliwa na jirani yake. Mabaraza ya leo yamechukua kuchomoa yakaacha ukaguzi, na yanaponea kwenye kigezo kimoja: hayana mamlaka ya mwisho. Yakipewa mamlaka hayo bila ukaguzi, mimi nitakuwa upande wa wapinzani.

15. Hawatahongwa baada ya kuchomolewa?

Wanaweza. Katika karne ya 4 KK Waathene waliwapangia wanajuri kesi asubuhi ile ile ya kusikilizwa, ili mhongaji asipate nafasi. Kwa baraza la miezi kadhaa kinga ni kura ya siri ya mwisho, wingi wa wajumbe, na sheria inayomtambua mjumbe kama mtumishi wa umma kwa muda wake, ili rushwa iwe kosa kwa pande zote mbili. Mjumbe maskini ni rahisi kununulika kuliko mbunge tajiri? Labda kwa bei. Kwa idadi ya wanaonunuliwa, sioni ushahidi.

16. Je, sekretarieti haitawaongoza kama kondoo?

Hapa ndipo pa kutazama kuliko mahali pengine pote. Anayeandika swali, anayechagua wataalamu na anayeandika muhtasari wa meza ana nguvu kuliko mjumbe yeyote. Ukitaka kulijua baraza, usiulize majina yalichomolewaje. Uliza nani aliandika ratiba. Dawa iliyoonekana kufaa kidogo ni ile ya swali la 9, pamoja na wajumbe kuruhusiwa kuwaita mashahidi wao wenyewe na vikao vya wazi kurushwa moja kwa moja.

## Mambo ya pembeni

17. Wagombea wakilingana kura, bahati inaruhusiwa?

Katika nchi kadhaa, ndiyo. Huko Virginia, Marekani, kiti kimoja cha baraza la wawakilishi la jimbo kiliamuliwa tarehe 4 Januari 2018 kwa jina kuchomolewa kwenye bakuli la kauri. David Yancey alipata, na chama chake kikabaki na viti 51 dhidi ya 49.

18. Rais naye achomolewe?

Hapana. Kazi ya mtu mmoja inayohitaji uzoefu na uamuzi wa haraka haiokolewi na wingi wa watu, na wingi ndio unaofanya kura ya bahati ifae. Rejea majenerali wa swali la 4.

19. Kata au kaunti yetu inaweza kuanza na nini?

Na swali moja lenye ubishi na lisilo na chama: soko lihamishiwe wapi, zamu za maji zipangwe vipi, fedha za mradi zianze na kisima au zahanati. Madiwani waandike mapema, kabla jina la kwanza halijachomolewa, watajibu ndani ya siku ngapi na kwa maandishi gani. Wachomolewe watu 30 hadi 40 mkutanoni, mbele ya watu. Wakae siku nne au tano, kwa Kiswahili, na kwa lugha ya mama pale wazee wanapohitaji. Posho ilipwe kila jioni, taslimu au kwa simu, bila kusubiri fomu zirudi makao makuu.